Jina Juu ya Kifurushi

Benchi letu liko Bukoto, mbele ya birika la kahawa la Julienne, Mkongomani asiyependa kelele lakini huziuzia vikombe. Afande, polisi mstaafu, hukaa kushoto. Redio, fundi viatu kutoka Beni, hukaa panapobaki. Asubuhi hiyo nilipakata kifurushi cha mama mkwe wangu: sukari, majani ya chai, dawa ya magoti. Mashua ya posta ingekipeleka kisiwani kwake, ambako gatini huitwa jina la mtumaji kwa sauti, na mzazi wake hujitokeza kupokea. Miaka yote liliitwa jina la Nabbosa, mke wangu. Tulimzika kisiwani hukohuko, kabla ya mvua.

— Andika jina yako, Mwalimu, alisema Afande. Iko nini ngumu?

— Jina la mkwe, mbele ya mama mkwe, watu wote wakisikia?

— Banange! Hiyo ni aibu. Basi andika “Serikali”.

— Bibi atakimbia, alisema Julienne.

— Aambiwe ameshinda bahati nasibu! alidakia Redio.

— Ashinde dawa ya magoti?

— Si iko na magoti? Mungu hamtupi mja wake!

— Ama andika herufi moja tu ya marehemu, alisema Afande. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hapana, andika yote! Kule kwetu Beni marehemu mumoja alitumaka mbuzi.

— Mbuzi muzima, Redio?

— Alifika na kamba yake.

Nilicheka, kisha nikaona vibaya kucheka.

Oloo, mwita majina wa mashua, alisimamisha pikipiki yake kukusanya mizigo ya mtaa. Akasoma jina la mpokeaji.

— Huyu mama namjua. Kila tukifika gatini, yupo.

— Hajatumiwa kitu tangu msiba, nilisema.

— Najua. Husimama mpaka nimalize majina yote, halafu anaendelea kusimama. Mzee, anangoja jina gani?

Julienne aliinua birika, akakumbuka kwamba hakuna aliyeomba kuongezwa.

Nilichukua kalamu ya Oloo, nikaandika jina langu: Ochan.

— Usiliite kwa nguvu, nilimwambia.

— Nisipopaza sauti hatasikia, mzee. Pale kuna upepo.

— Basi paza.