Mnong'ono wa Albert

Shujaa wa hadithi niliyoitunga hakuwa na jumba, farasi wala cheo. Hakuwa na hata koti la pili. Albert alikuwa fundi wa mashine za kufuma pamba hapa Oldham, mji wetu wa viwanda Uingereza, enzi za babu zetu, na gazeti la mtaa lilikuwa likichapa sura moja ya hadithi yake kila Ijumaa. Sasa mhariri alitaka Albert agundulike kuwa mtoto wa lodi, bwana mkubwa mwenye cheo na mashamba, la sivyo hadithi ikome. Nilipanda basi na barua ya kukubali mfukoni, bahasha bado wazi.

Mbele yangu mama mwenye skafu alikuwa akimsomea abiria wa pembeni gazeti. "Eti Albert anamnong'oneza mchumba wake Nellie katikati ya mashine! Huyu mwandishi hajakanyaga kiwandani, mwenzangu. Kwa kelele zile tulisoma midomo. Wanawake mia wangejua kabla ya Nellie."

Nilijikunyata. Miaka sita ya kusomea uandishi shule ya usiku, na hilo lilinipita.

"Basi bora angekuwa lodi," mwenzake akasema. "Lodi ana bustani ya kunong'onea."

"Lodi wa nini! Mimi Harold aliniposa kwa midomo tu, bila sauti, toka ukuta wa upande wa pili. Kiwanda kizima kikamjibu ndiyo kabla yangu."

"Nawe ukakubali?"

"Ningewaaibisha watu wote wale?"

"Mimi bado namtaka lodi."

Basi likasimama. Niliteremka, nikaitoa barua, nikayakata maneno yote kwa kalamu, nikaandika chini yake: "Albert anabaki fundi. Ijumaa ijayo kiwanda kizima kitamjibu. Nimefanya utafiti." Nikalamba bahasha, nikaifunga, nikaitumbukiza katika sanduku la posta.