Orrin Stallcup, Mtu wa Mnarani Asiyeufuata Mpira

Baada ya misimu arobaini na mitatu ya utumishi, Bwana Orrin Stallcup, mpiga picha wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani hapa Chuo cha Brazelton, anastaafu rasmi tarehe 30 Mei 2024. Alianza kazi Agosti 1981. Tangu siku hiyo amepanda ngazi ya mnara wa kamera chini ya makocha wakuu tisa, na wanane kati yao walifukuzwa au walikimbia kabla hawajafukuzwa. Yeye amebaki.

Nimeombwa niandike haya kwa hafla ya kumuaga kwa sababu mimi, Nadine Pruett, mtabibu wa timu, ndiye pekee niliyebaki ninayekumbuka kabla ya mwaka 1989. Wengine wote walikuja na kocha fulani wakaondoka naye.

Kocha wa kwanza wa Orrin alikuwa marehemu Hob Wenzel, ambaye timu yake ilirusha mpira mara nne kwa mechi, na hizo nne zilimkera. Alipanga wakimbiaji watatu nyuma, akawatuma katikati kwenye msongamano, kisha akawatuma tena. Mtu akimlalamikia alijibu, "Mkitaka kuona vitu vinaruka, nendeni mkawatazame bata." Kwa kocha wa namna hiyo kazi ya kamera ni rahisi. Orrin aliivuta lenzi karibu, akaufuata mpira popote ulipobebwa, na kwa miaka minane hakuukosa hata mara moja. Alijivunia mkono wake, na alikuwa na haki.

Desemba 1988 Wenzel aliachishwa. Januari akaja Garland Voss, mtu mwembamba asiyemaliza kikombe cha kahawa, na imani yake ilikuwa kwamba uwanja ni mpana na ni dhambi kuutumia katikati tu. Jumamosi moja ya Aprili aliwagawa wachezaji wake wacheze wao kwa wao, na mpira ukarushwa mara hamsini na moja. Orrin alipiga picha kama alivyozoea.

Jumatatu makocha walikusanyika kutazama kanda ili kujifunza makosa ya wachezaji. Mrusha mpira anainua mkono, mpira unatoka kwenye picha, kamera inaukimbiza angani, na inapoufikia kuna mtu tayari amelala chini na mwingine anashangilia. Ikawa hivyo mara hamsini na moja. Mwishoni Voss aliwasha taa.

"Bwana Stallcup, nimeona mawingu. Mawingu mazuri kweli. Wachezaji wangu wako wapi?"

Watu wakacheka. Orrin hakucheka, kwa maana kila mtu chumbani alijua kwamba Voss alikuja na mpiga picha wake kutoka chuo alichotoka, na kwamba bwana huyo alikuwa kwenye moteli ya barabara kuu na begi lake halijafunguliwa. Orrin alikuwa na mke, Verna, na mtoto wa miaka sita, Wade. Kocha alimpa mpaka Jumamosi.

Dawa yenyewe haikuwa siri: rudisha lenzi nyuma, weka wachezaji wote ishirini na wawili kwenye picha, uache mpira uende zake. Lakini jaribuni wenyewe. Alhamisi alikuja chumbani kwangu amenyong'onyea.

"Nadine, mkono haunisikii. Mpira ukiruka tu, na mimi huyo!"

"Sasa mimi nifanye nini? Nikukate?"

"Nipe plasta. Ile nyeupe ya vifundo. Nipe bunda zima."

Jumamosi alipanda mnarani, akaufunga mpini wa kamera kwenye stendi yake kwa plasta yangu, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kamera isiweze kugeuka hata kwa nguvu. Nilikuwa pembeni mwa uwanja nikimwona akihangaika na mikono yake kama mtu aliyekatazwa kujikuna.

Jumatatu Voss alitazama kanda mpya. Kisha akaomba irudishwe nyuma. Ikarudishwa mara nne. Upande wa mbali, pale ambapo macho ya mtu hayafiki, palikuwa na mpokeaji, mtu wa kudaka mpira, amesimama peke yake, hana mlinzi wa kumkaba, anapunga mkono.

"Huyu ameachwa hivi tangu lini?"

"Tangu mchezo wa kwanza, Kocha. Hakuna aliyemtazama," Orrin akajibu.

Yule bwana wa moteli aliondoka Jumanne.

Voss naye alifukuzwa baada ya misimu minne, kwa sababu chuo hiki hakina subira, na hilo nalisema nikiwa na mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu kwangu. Aliyemfuata alirudisha mambo ya kukimbia. Aliyemfuata huyo akapanga wapokeaji watano. Akaja wa kuinua mabango yenye picha za kuku na matrekta pembeni mwa uwanja ili wachezaji wajue mbinu bila kukutana kunong'ona. Kauli mbiu nane nimeziona zikipakwa rangi kwenye ukuta uleule. Kila Desemba ya mabadiliko Orrin alikiosha kikombe chake cha kahawa na kukiweka kwenye boksi, na kila Januari alikitoa. Wengi wenu mmejifunza kazi kwenye kanda zake na hamjui kwamba kilichowafundisha ni mtu mmoja kukubali kutoitazama sehemu tamu ya mchezo.

Mwaka 2004 ndio uliomgharimu. Kocha alikuwa mpya tena, na alishatutangazia kwamba sote tuko kwenye majaribio mpaka msimu uishe. Wade alikuwa mpokeaji wetu, mwaka wake wa mwisho, kijana mwenye mikono mizuri na miguu mizito. Kwa misimu minne hakuwahi kudaka mpira hata mmoja kwenye mechi. Mechi ya mwisho ya nyumbani, robo ya nne, ukarushwa kwake. Akaudaka, yadi tisa. Jukwaa zima likasimama, nami nikageuka kutazama mnarani. Kamera haikuwa imesogea, na Orrin alikuwa ametia mikono mifukoni.

Verna alinuna mpaka Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, siku ya kula bata mzinga.

"Kamera yako, mtoto wako, na ukashindwa kumsogelea sekunde tatu?"

"Kocha atataka kuwaona na wale wengine, Verna."

"Basi kocha aje amchome huyu bata mzinga."

Mwezi uliopita niliitafuta kanda hiyo ili ionyeshwe kwenye hafla hii. Niliipata. Wade ni doa. Namba yake haisomeki, na mpira wenyewe huuoni kabisa. Niliona aibu, nikaenda kumwambia Orrin kwamba tumwombe radhi Verna, hasa kwa kuwa Wade, ambaye sasa ni kocha wa shule ya sekondari, atakuja na wanafunzi wake.

Orrin alinisikiliza, akanitajia mechi nyingine, ya Oktoba mwaka uleule. Kwenye kanda hiyo mpira unarushwa kulia, mwenzake anadaka, tunafunga. Kushoto kabisa Wade anakimbia kwa nguvu zake zote, walinzi wawili wanamfuata, na kwa sababu hiyo kulia hakuna mlinzi. Hakuna aliyemshangilia.

"Watu walimwona siku ile moja," aliniambia. "Mimi nilimwona kila mchezo, miaka minne. Ningekuwa naufuata mpira, nisingemwona kabisa."

Kanda hiyo ndiyo mtakayoiona leo mchana. Verna ameshaitazama, kwa muda mrefu, na ameniruhusu niandike kwamba amesamehe.

Orrin, ahsante kwa niaba ya makocha wanane ambao hawakupata muda wa kukuambia, na kwa niaba ya wote waliokimbia upande usiotazamwa. Tunawaombea wewe na Verna afya, usingizi wa Jumamosi asubuhi na miaka mingi. Septemba njoo uketi jukwaani pamoja nasi, uchague kiti unachotaka, na utazame chochote roho yako ipendacho. Hata mpira.