Amri ya Kusuka Nywele

Muuguzi aliyekaa nyuma ya abiria wawili ndani ya basi alijifanya anatazama dirishani, lakini masikio yake yote yalikuwa mbele. Karani wa mahakama alikuwa akimsimulia mzee mmoja aliyekutana naye humo humo.

"Wametalikiana kwa ugomvi, mzee wangu, hata sufuria wamegombea. Mtoto kapewa mama, baba anamchukua wikiendi. Leo baba kasimama: 'Mheshimiwa, naomba amri. Mama yake anifundishe kumsuka binti yetu. Kila Jumatatu akitoka kwangu, wenzake wanamcheka shuleni.'"

"Makubwa! Si angempeleka kwa msusi?"

"Mtoto hataki mkono wa mgeni. Hakimu kaweka kalamu chini. Wakili wa mama akainuka kupinga, mama akamvuta joho. 'Aje Jumamosi,' akasema. 'Ila asiniongeleshe.'"

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Huyo bwana bado anampenda mkewe."

"Anampenda mtoto!"

"Mwanangu, kichwa kimoja, mikono minne, na wasiongeleshane? Haiwezekani."

Basi likasimama. Wakashuka wakibishana. Muuguzi, ambaye kituo chake kilishapita zamani, alibaki kitini akiwachungulia dirishani.