Bahasha Ndogo

Verna Tibbs hakuwa na kazi tangu Machi, korona ilipoifunga hoteli aliyofanyia kazi. Sasa ilikuwa Oktoba, uchaguzi ukikaribia, na ndani ya basi la Pittsburgh mzee wa kiti cha pili alikuwa akimweleza, kupitia barakoa, kwamba uchumi ulinawiri mpaka wanasiasa wa upande wa Verna walipofunga maduka.

"Nilitandika vitanda kumi na sita kwa siku, baba," Verna alisema. "Huko kunawiri kulinipitia wapi?"

"Labda ulikuwa umeinama, mama."

Verna alicheka; mzee hakuwa na ubaya. Tayari alikuwa amemwonyesha bahasha kubwa yenye kura aliyoletewa nyumbani akaijaza; alikuwa anakwenda kuitia sandukuni mwenyewe kwa kuwa hakuiamini posta kuirudisha. Kisha akatoa orodha yake ya sokoni: mayai, kahawa, kabichi. Alikuwa ameiandika juu ya bahasha ndogo nyeupe.

Verna aliitambua, kwa kuwa alitumia ya kwake wiki iliyopita. Kura isiyotiwa kwanza katika bahasha ile ndogo, kisha katika ile kubwa, haihesabiwi. Akinyamaza, wapinzani wake wamepungukiwa kura moja. Alinyamaza vituo viwili.

"Hiyo ni ya kutilia kura, baba. Bila hiyo wataitupa."

Mzee aliigeuza, akasoma taratibu. "Watanipa nyingine?"

"Ofisi ya uchaguzi ni hapo mbele. Kawaeleze."

Verna ndiye aliyevuta kamba ya kengele ili basi lisimame. Mzee alisimama, akashika nguzo. "Lakini kwenye uchumi, mama, bado umekosea."

"Shuka, baba," alisema Verna, "kabla sijajuta."