Nondo Mahali pa Bolti

Beverly: Haloo? Namba ngeni hii. Naongea na nani?

Filister: Unaongea na aliyekuzaa.

Beverly: Mama! Hii ni simu ya nani?

Filister: Ya Marcella. Kwa yangu nimekupigia mara saba hushiki. Nikasema wacha nipige na ya huyu muuza samaki wa omena, pengine siku hizi unawasikia watu wa omena tu.

Beverly: Mama, nilikuwa kwa kelele. Habari za Kendu Bay? Mko sala—

Filister: Tuko salama, salamu zimeisha. Ni kweli unanunua ile slasha ya trekta, ya kufyeka nyasi, iliyokula mguu wa mtu?

Beverly: Iliyokula nini?

Filister: Mguu! Juzi nilisikia sokoni. Kwamba binti wa marehemu Cephas, yule wa katrekta kadogo, amepata slasha kuukuu huko Rongo, na hiyo slasha ilikula mguu wa dereva upande wa mpaka, halafu ikapakwa rangi nyekundu ili damu isionekane. Siku mbili sijalala vizuri. Neno hilo likinitoka kwa sikio hili linarudi kwa hili.

Beverly: [anacheka] Mathe, yawa! Slasha nyingi ni nyekundu.

Filister: Usinichekee. Imepakwa rangi mpya au haikupakwa?

Beverly: Imepakwa, lakini—

Filister: Ahaa.

Beverly: Ahaa nini? Mtu akiuza kitu anakipamba. Hata wewe ukiuza kuku unamwosha miguu.

Filister: Kuku nikimwosha miguu simfichi ufa. Umekwangua hiyo rangi ukaona chini yake kuna nini? Giaboksi imechomelewa?

Beverly: Imeguswa kidogo tu pembeni. Mama, sikiza. Matiko, huyu anayeniuzia, ni mtu poa. Amebeba hii kitu kutoka Kehancha mpaka hapa kwa yadi yake, na ameniachia niijaribu kwanza. Nani mwingine angeniachia?

Filister: Ina upana gani?

Beverly: Futi sita.

Filister: Na katrekta kako?

Beverly: Usikaite katrekta.

Filister: Kana farasi wangapi?

Beverly: Ishirini na nne.

Filister: Mungu wangu. Asubuhi nilikwenda kwa Elkana, huyu anayetulimia. Nikamwambia niambie kama mtu aliyeachia darasa la sita. Akasema, futi moja ya slasha inataka farasi watano. Na wale farasi wa kwa karatasi si wote wanafika kwa shafti ya nyuma. Ishirini na nne yako, huko nyuma inabaki ishirini hivi. Haya, wewe wa chuo, tano mara sita?

Beverly: Mama—

Filister: Tano mara sita!

Beverly: Thelathini.

Filister: Na ishirini gawanya kwa tano?

Beverly: Nne. Najua. Lakini Matiko anasema nikienda polepole, giya ya kwanza, itakata tu.

Filister: Punda ukimbebesha mzigo wa ng'ombe, kwenda polepole hakumsaidii. Kunachelewesha kuanguka.

Beverly: Sasa unataka nifanye nini? Mwalimu mkuu anataka uwanja uwe umefyekwa Jumatatu kabla wanafunzi wafungue. Nyasi imenifika hapa kiunoni. Nikikosa, kazi inaenda kwa Mayaka, na Mayaka ameshaanza kusema trekta ya mwanamke ni ya kubebea maji. Slasha ya futi nne nimetafuta Migori yote, nimeuliza mpaka Homa Bay, hakuna. Iko hii.

Filister: Basi Mayaka afyeke!

Beverly: Hapana! Si Mayaka!

Filister: Usinipigie kelele, nyathina, mtoto wangu.

Beverly: Wewe ndio umeanza kelele!

[Mtandao unakwaruza.]

Filister: ...nuki mbele yake? Beverly? Nimesema ukiinua hiyo slasha, trekta haiinuki mbele yake?

Beverly: Kidogo.

Filister: Kidogo gani?

Beverly: Matairi ya mbele yaliacha chini. Lakini tumepata njia. Matiko amekalia boneti, ikashuka.

Filister: Amekalia wapi?

Beverly: Boneti. Mbele pale.

Filister: Na Jumatatu utamkodisha Matiko pamoja na slasha? Azunguke uwanjani kwa boneti kama bendera ya gari la waziri?

Beverly: [anacheka bila kutaka] Nitaweka mifuko ya mchanga, Mama.

Filister: Na kwa mteremko? Ukikanyaga klachi, chuma kizito namna hiyo kikiwa bado kinazunguka, kinaisukuma trekta. Utakanyaga, itaenda. Elkana aliniambia, alitembea hivyo mpaka kwa ua la watu na mguu wake uko juu ya klachi... Ngoja. Hiyo ngurumo ni ya nini?

Beverly: Ni trekta. Matiko anaizungusha pole pole.

Filister: Sasa hivi? Slasha inazunguka sasa hivi?

Beverly: Ndiyo, si tunajaribu—

Filister: Umesimama wapi?

Beverly: Hapa nyuma. Ndio nione visu.

Filister: Toka nyuma! Toka hapo!

Beverly: Sawa, sawa, nimesogea. Yawa.

Filister: Umevaa nini?

Beverly: Mama, kweli?

Filister: Umevaa nini!

Beverly: Nimefunga leso. Kuna vumbi.

Filister: Na shafti ina kifuniko?

Beverly: Kilivunjika zamani. Matiko anasema zote za mkono wa pili haziji na kifuniko.

Filister: Marcella, ngoja kwanza. Ndiyo, nitakurudishia salio lako, niache! Beverly. Fungua hiyo leso. Iweke chini.

Beverly: Nimeiweka. Umefurahi? Mama, mambo ya mashine nayajua. Hata nilikuwa sitaki kukuambia, lakini asubuhi ile bolti ya shafti ilikatika mara tatu. Mara tatu! Wewe ungekimbia. Mimi nikakaa. Sasa imetulia.

Filister: Imetulia vipi?

Beverly: Haikatiki tena.

Filister: Nimeuliza, imetulia vipi?

Beverly: Matiko amekata kipande cha nondo akaingiza pale. Imekaa sawa kabisa.

[Ngurumo inasikika.]

Beverly: Mama? Network imepotea? Mama, unanisi—

Filister: Zima.

Beverly: Nini?

Filister: Zima hiyo trekta.

Beverly: Ngoja amalize—

Filister: Beverly, zima! Sasa! Mwite!

Beverly: Matiko! Ebu zima! ...Anasema dakika mbili, anataka kuipeleka kwa nyasi nzito nione nguvu yake.

Filister: Mwambie mama yako amekufa.

Beverly: Mama!

Filister: Mwambie! Hakuna mtu anayeendelea kuwasha mashine mbele ya msiba. Mwambie ameanguka Kendu Bay, sokoni, amekufa!

Beverly: Matiko! Zima! Zima, bwana, kuna msiba! ...Mama yangu! Ndiyo! Zima!

[Ngurumo inakufa. Kuku anasikika.]

Beverly: Amezima. Amevua kofia. Sasa nitamwambia nini huyu mtu?

Filister: Mwambie nimefufuka.

Beverly: Hii si mchezo, Mama. Umeniaibisha. Umenifanya kama mtoto wa nasari. Kila kitu nikishika ni hivi. Niliponunua trekta, ulilia wiki nzima. Nikiendesha, unapiga simu. Ni kwa sababu ya baba, najua, sisi sote tunajua. Lakini mimi si baba. Na Matiko si Ombui.

Filister: Mwache Ombui.

Beverly: Kwa nini nimwache? Ni yeye alikuwa fundi wa ile mashine ya kupukuchua mahindi. Ni yeye alitia chuma kigumu kwa shafti, gunzi likakwama, shafti ikaruka, ikampiga baba. Kila mtu anajua. Wewe mwenyewe ulimkataza asitupe hata mchanga kwa kaburi. Alisimama nje ya boma na koleo mkononi. Nilikuwa kidato cha pili, niliona.

Filister: Nimesema mwache.

Beverly: Mpaka leo nikikutana naye Rongo napita upande wa pili wa barabara!

[Kelele za soko zinasikika.]

Beverly: Mama?

Filister: Ombui alileta bolti laini. Tatu. Alizifunga na karatasi ya kalenda.

Beverly: Nani alikuambia?

Filister: Zilikuwa kwa koti la baba yako. Mfuko wa ndani. Nilizipata wakati wa kufua.

Beverly: ...Kama baba alikuwa nazo, si angeziweka?

Filister: Aliweka mbili nyingine, zikakatika. Mahindi yalikuwa ya matanga ya kwa Mzee Levi. Watu wameshafika kutoka Mfangano, wamekaa, hakuna unga. Mahindi yapukuchuliwe, yapelekwe posho, yasagwe. Wanawake wamesimama na sufuria. Na baba yako anafungua, anafunga, anafungua, anafunga, eti bolti lazima iwe ile dhaifu, eti ikatike yeye abaki. Anatafuta hizo tatu mifukoni, haoni; ule wa ndani hakuugusa. Polepole vile unavyomjua.

Beverly: Sasa nondo ilitoka wapi?

[Mtandao unakwaruza.]

Beverly: Mama. Nondo ilitoka wapi?

Filister: Dirisha la jikoni kwetu. Lina nondo ngapi?

Beverly: Tatu.

Filister: Lilikuwa na nne.



Beverly: Mama...

Filister: Una kalamu?

Beverly: Miaka kumi na moja tunamlaumu Ombui, Mama.

Filister: Una kalamu? Marcella ananionyesha saa. Salio linaisha. Andika.

Beverly: Niandike nini? Unanipa maneno kama hayo halafu niandike?

Filister: Andika, Beverly! Siku ile mimi sikuwa na mtu wa kuniambia haya. Andika. Moja. Usichukue slasha pana kuliko nguvu yako. Yako ni futi nne. Hata ukipewa ya sita bure, usichukue.

Beverly: ...Futi nne.

Filister: Mbili. Usinunue rangi. Kwangua kwanza. Giaboksi iliyochomelewa usiiguse.

Beverly: Endelea.

Filister: Tatu. Usifunge slasha inayoinua trekta mbele, na usiweke mtu kwa boneti.

Beverly: Nimeandika.

Filister: Nne. Shafti isiyo na kifuniko usiisogelee. Wala leso, wala koti, wala nywele.

Beverly: Pole pole, naandikia kwa goti.

Filister: Tano. Usisimame nyuma ikizunguka. Mawe hayana macho. Sita. Usipeleke chuma kizito mteremkoni ukitegemea klachi.

Beverly: Sita, klachi.

Filister: Saba. Bolti ikikatika, usiikasirikie. Imekatika kwa niaba yako. Weka nyingine laini. Ikikatika tena, weka nyingine. Ikikatika mara ya tatu, jua slasha imekushinda, ifungue, irudishe. Usiweke nondo. Usiweke msumari. Usiweke kitu chochote kisichokatika, kinachokaa.

Beverly: ...Kinachokaa. Nimeandika.

Filister: Nane. Usimsikilize mtu akikuambia weka tu, watu wanangoja. Hata akiwa mtu wa nyumba yako. Hata akiwa mke wako.

Beverly: Mama. Mimi sina mke.

Filister: Andika hivyo hivyo.

[Mtandao unakwaruza. Kuku.]

Beverly: Nimeandika hivyo hivyo.

Filister: Ombui bado ana karakana hapo Rongo karibu na soko?

Beverly: Bado.

Filister: Ukipita leo... usivuke barabara. Mwambie mama yangu ame—

Beverly: Mama? Haloo? Nimwambie nini? Mama, slasha naifungua, unasikia? Matiko analeta spana. Mama? Mama—

[Simu imekatika.]