Futari ya Bi Zena

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele, asifiwe pia na wale waliosimama dirishani kwa sababu wamechelewa kama kawaida yao. Msicheke, nami nilikuwa mmoja wao. Leo nimeomba nafasi hii kwa kuwa Krismasi inakuja, na kila ikikaribia kuna jambo linanisukuma kifuani. Mchungaji amenipa muda mfupi. Ananijua kwamba nikianza sinyamazi.

Wengi hapa mlinijua nikiwa msichana. Mnakumbuka kwamba mama yangu alifariki siku aliyomzaa Mwakio, ndugu yangu wa mwisho, na kwamba mtoto yule aliwekwa mikononi mwangu akiwa bado mwekundu. Nilimlisha maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Nikamfundisha kutembea kwenye ukingo wa shamba la baba, nikamfinya alipokula udongo. Sikumzaa, lakini mama aliyemjua ni mimi. Na alivyopenda kimanga mtoto yule! Nikianza tu kuponda muhogo na maharage, yeye ameshakaa kando ya chungu na mkono umeshazama ndani. Alipofika miaka minne surua ilipita hapa kwetu, ikamchukua. Tulimzika Krismasi ikiwa mlangoni. Siku yenyewe ya sikukuu nilikaa nyuma ya nyumba nikiwasikia mnavyoimba humu kanisani, nikaziba masikio.

Sitaki kuwaficha, ndugu zangu. Tangu hapo nilikuwa natembea tu. Mchungaji wetu wa wakati ule akaona ninavyokauka, akaniambia kuna kijiji huko Tanzania kinatafuta mtu wa kujitolea, akae na watoto wadogo wakati mama zao wako shambani. Nadhani alifikiri watoto wataniponya. Mimi nilikubali kwa sababu yangu nyingine. Nilitaka kwenda mahali ambapo hakuna mtu atakayeniuliza habari za Mwakio.

Kijiji chenyewe ni Mapinga, njiani ukitoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, minazi na mikorosho na mihogo kila upande. Watu wake ni Waislamu, wakulima, na salamu zao ni ndefu hata ukiwa na haraka utajuta. Chekechea ilikuwa banda la makuti lenye mikeka. Asubuhi mama zao wanapita na majembe begani, wananiachia watoto, wanakwenda kwenye shamba la kijiji. Mimi nawafundisha kuhesabu kwa korosho, nawanawisha, nawaamua wakigombana, saa nne tunakunywa uji pamoja.

Uji huo aliupika jirani yangu, Bi Zena, mama mtu mzima, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye shamba la tatu. Mjukuu wake Mwanahamisi alikuwa katika watoto wangu. Huyo Mwanahamisi alikuwa redio ya kijiji. Jambo akilijua yeye asubuhi, adhuhuri Mapinga nzima wanalo.

Ramadhani ilinikuta huko. Kila magharibi sahani zilikuwa zinatembea, nyumba hii inapeleka kule, kule wanaleta huku, na kila moja imefunikwa kwa kawa, ule mfuniko wa ukili uliochongoka juu. Hata mimi nisiyefunga nililetewa. Na sahani ukiletewa huirudishi tupu, unatia chochote ulicho nacho. Siku ya Idi watoto wangu walivaa nguo mpya, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba sikukuu yao, wakapewa kaimati hapa, visheti pale. Walipofika kwangu niliwapa njugu, nikacheka nao. Nikajiambia, haya, umepona.

Sikuwa nimepona. Ilipoingia Desemba, kila kitu kilirudi. Kulikuwa na mtoto mmoja, Athumani, wa umri ule ule wa Mwakio, asiyejua kufunga vifungo vya shati. Kila asubuhi ananijia ametanguliza tumbo, nimfunge. Mwakio naye alikuwa anatanguliza tumbo vile vile. Basi nikawa namfunga vifungo huku nimegeuza uso. Chakula nacho kikanikataa. Mwishowe nikaacha hata kuwasha jiko. Kanga niliyokuwa naizungusha kiunoni mara moja sasa ikawa inakwenda mara mbili. Nikamwambia Mungu, Baba, kama hukuona taabu kumchukua mtoto, usione taabu kunichukua mimi. Nilisema na nikamaanisha! Nilikuwa nangoja kufa, mbali na kwetu, katika kijiji kisichojua hata kwa nini nalia, na niliona ni sawa.

Sasa sikilizeni namna Bwana anavyofanya kazi.

Asubuhi moja wakati wa uji, kikombe changu kilikaa mpaka kikaota utando. Mwanahamisi akaja akasimama mbele yangu.

"Mwalimu, mbona hunywi? Umefunga?"

Nikakisukuma kikombe kando. Yeye akaona ameshajibiwa, akawageukia wenzake kwa sauti ya bibi yake: "Mwalimu amefunga! Msinywe mbele yake!"

Ndugu zangu, watoto wote wakanigeuzia migongo! Wakanywa uji wao wakitazama makuti ya ukuta, ili wasinitamanishe. Athumani peke yake alichungulia kuona kama ninatamani, akapigwa kiwiko.

Jua lilipozama nikasikia hodi. Ni Bi Zena, na sahani kichwani.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba, mwanangu. Umefunga na hutwambii? Ulikuwa ufuturu na nini, na upepo?"

Akaweka chini bakuli la uji wa mchele wenye pilipili manga, muhogo wa nazi na kipande cha samaki. Nikaanza kusema, "Bi Zena, mimi..."

"Wewe nini? Adhana imeshatoka. Kula."

Ninyi mliokaa na watu wa Pwani mnajua. Kumfuturisha aliyefunga ni thawabu kubwa kwao. Ukikataa futari ya mtu umemfukuzia baraka zake mlangoni. Nikaona aibu. Nikala kidogo, machozi yananidondokea bakulini, na yeye akajifanya anatazama nje, ananisimulia habari za kuku wake anayetaga kwa jirani. Alimsema kuku yule mpaka bakuli likaisha.

Kesho yake kijiji kizima kinajua. Akina mama wakaja kunipongeza. Wakaniuliza, "Na ninyi Idi yenu mnangoja mwezi uandame?" Nikasema hapana, ni tarehe ishirini na tano, haibadiliki. Wakashangaa. "Kumbe hamna taabu!" Basi wakakata shauri wenyewe kwamba nitafunga mpaka siku hiyo, wakapeana zamu. Leo magimbi kutoka kwa huyu, kesho tambi kutoka kwa yule, keshokutwa maharage ya nazi. Na Bi Zena haachi kuja, hata zamu ikiwa ya mwingine. Anakaa kizingitini na habari zake za kuku.

Mimi niliyetaka kufa sikupata nafasi! Jioni moja nikajikuta nimetoka nje, nimeweka mkono usoni, nalitazama jua. Nikashtuka. Nikajiuliza, mtu anayengoja kufa huchungulia jua kuona kama futari imekaribia? Nikacheka peke yangu pale uani, na kicheko kile kikageuka maombi. Nilikuwa sijaomba maombi ya kweli tangu tumzike Mwakio.

Ikafika siku ya Krismasi. Niliamka nikiwa mzito. Hakuna kengele, hakuna wimbo, akina baba wanakwenda zao shamba kama siku yoyote. Nikawakumbuka ninyi hapa na nguo zenu nyeupe. Nikajilaza tena kitandani. Mara nikasikia miguu mingi nje, na kunong'onezana, na sauti ya Mwanahamisi ikisema, "Pamoja, moja, mbili..."

"Hodi mwalimu! Idi njema! Tumekuja kuchukua sikukuu yetu!"

Nikafungua. Wamejaa uani, wote wamevaa zile nguo zao za Idi, ndugu zangu, wameoga, wamepakwa mafuta, wanja machoni. Mama zao wamewavalisha kwa ajili ya sikukuu isiyo yao, ili mtu mmoja asikae na sikukuu peke yake. Wamenyoosha mikono, wananitazama. Na mimi ndani sina hata njugu. Nilichokuwa nacho ni sahani za watu, zimepangana ukutani na makawa yake, na hakuna hata moja niliyoirudisha.

Sijui niwaelezeje. Kitu kilifunguka ndani yangu. Nikasema, "Ngojeni. Mwalimu anapika."

Mwanahamisi akakimbia kuleta kuni na kutangaza. Bi Zena akaleta chungu kikubwa na muhogo. Maharage hayakupatikana, nikatia kunde, nikatia na tui la nazi, babu zangu wanisamehe. Nikawasha moto kwa mikono yangu. Nikaponda kimanga. Nilipokuwa naponda nilikuwa nasikia tu ule mlio wa mwiko chunguni, mlio nilioukimbia. Kugeuka, namwona Athumani amekaa kando ya chungu, mkono umeshazama ndani.

Sikumkemea. Nilimshika mkono ule, nikaupuliza upoe, nikamtazama usoni. Shati lake la Idi lilikuwa halijafungwa. Nikamfunga vifungo vyote, kimoja kimoja, na safari hii sikugeuza uso.

Watoto walikula mpaka wakalala mikekani. Sahani zote zikarudi kwa wenyewe, kila moja na kimanga chake. Bi Zena akabaki ananisaidia kuosha chungu. Akauliza taratibu, bila kuinua macho, "Mwalimu, alikuwa na umri gani?"

"Nani, Bi Zena?"

"Huyo unayemlilia."

Ndugu zangu, mikono yangu ilisimama majini. Nikamwambia. Nikamtaja Mwakio kwa jina, mara ya kwanza katika nchi ile. Naye akaniambia, "Mimi nimezika wawili. Mtu aliyefunga, jua likizama uso unachangamka. Wewe siku ile ya kwanza uliitazama futari kama dawa ya malaria. Na jiko lako nilikuwa nimeshaliona kabla ya hapo, la baridi, lina majivu ya zamani. Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio wanaopika, wanaleta. Lakini hukutwambia kama umefiwa, na mtu halazimishwi kusema. Mjukuu wangu alipokuja mbio kuniambia umefunga, nikasema alhamdulillahi, Mungu kanipa mlango wa kuingilia."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo ile haikuwa futari?"

"Kwa wenzangu ilikuwa futari. Kwangu mimi kilikuwa chakula cha matanga. Nilikuwa nangoja uwashe moto mwenyewe. Leo umewasha. Tumeanua tanga, mwanangu."

Nikalia, naye akalia, na kile chungu tuliacha kukiosha. Lakini kilio kile kilikuwa kinaniosha mimi! Nilitoka humo nikiwa mzima. Niliomba nife, na Baba yangu wa mbinguni akanijibu kwa muhogo wa nazi. Hakunitumia malaika mwenye mabawa. Alinitumia mwanamke asiyesali kama mimi, mwenye kanga iliyopauka na hadithi ndefu za kuku, ambaye alijua siri yangu akaitunza mpaka nilipokuwa tayari. Nitaacha kumshukuru Mungu kwa ajili yake? Siwezi! Nilikaa Mapinga hata nikaona watoto wale wakienda darasa la kwanza, na kila Krismasi walikuja uani na nguo zao za Idi, na kila Krismasi nilipika kimanga.

Siku ya kuondoka Bi Zena alinipa masurufu ya njiani katika sahani yake ya bati, akaifunika kwa kawa. Akasema, "Utairudisha." Mwajua ilivyo sasa, mpaka wetu na Tanzania umefungwa, siwezi kuipeleka. Nayo haiwezi kukaa tupu kabatini kwangu. Kwa hiyo naitembeza hapa hapa kwetu, na baadhi yenu mmeshaiona.

Ndugu yangu, dada yangu, najua katika benchi hizi kuna mtu ambaye jiko lake ni la baridi. Hujamwambia mtu. Umekuja kanisani umevaa vizuri, umeimba, na utarudi nyumbani ulale na njaa kwa sababu ya huzuni. Mtumaini Mungu. Hata usipojua kuomba, hata ukimwomba mauti kama mimi, anajua ulichokuwa unakihitaji. Huko ugenini nilikokimbilia, alikuwa ameshafika zamani.

Na ukisikia hodi jioni, ukafungua, ukaniona nimesimama na sahani iliyofunikwa, usiniulize nimejuaje. Kama huwezi kusema, usiseme. Niambie tu kwamba umefunga. Nitakuamini, nami nitakaa kizingitini nikusimulie habari za kuku.