Alama Mbili kwenye Shuka: Maisha ya Bi Maka Keinan wa Garissa, 1922–1957

Habari ilitufikia Alhamisi, tarehe 7 Novemba 1957, baada ya sala ya alfajiri. Tulikuwa tunavaa viatu mlangoni mwa msikiti, manyunyu bado yanadondoka, Shamis, mwanafunzi wa Bi Maka, alipokuja akasimama mbali kidogo na ukuta. Alikuwa miguu mitupu, matope yamempanda hadi vifundoni. Hakuamkia mtu. Alisema, "Ahmednoor, habaryar wako ametangulia," kisha akageuka kurudi alikotoka, maana kulikuwa na kazi ya kufanya. Habaryar, kwa wageni walio nasi leo, ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita dada wa mama, awe mkubwa au mdogo. Mzee Gelle, aliyekuwa ameinama akitafuta kiatu chake, alikaa chini pale pale kwenye matope. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea.

Maneno haya yanasomwa kwa niaba ya familia katika hitma ya siku ya saba, na yamepigwa taipu kwa ajili ya ndugu wa Wajir na Balambala ambao mvua ziliwazuia njiani.

Marehemu Bi Maka Keinan alizaliwa Kismayu mwaka 1922, mtoto wa kwanza wa Mzee Keinan, mfanyabiashara wa ngozi, na mkewe Bi Hawo. Mwaka 1925, mpaka uliposogezwa na Kismayu ikawa chini ya serikali nyingine, Mzee Keinan alihamisha jamaa yake upande huu wa Tana. Maka alisafirishwa juu ya ngamia, ametiwa ndani ya tandiko kama chungu cha samli. Mama yake alisimulia kwamba alilia njia nzima, kwa sababu ngamia wa nyuma alikuwa akimnusa kichwa. Tangu siku hiyo hakuwapenda ngamia. Wanawali wenzake walijua kila mnyama kwa jina na kwa alama ya moto iliyo pajani mwake. Yeye hata wa baba yake hakuwatambua, na jambo hilo lilikuja kumponza.

Hapakuwa na shule ya wasichana hapa mjini. Alisoma chuo cha Qur'ani na kuhitimu akiwa bado mdogo. Mwaka 1933 alipelekwa Lamu kwa mama yake mkubwa, ambaye jirani yake alikuwa mke wa fundi cherehani. Huko alijifunza kwanza kudarizi kofia kwa mkono, kisha akafundishwa kazi ambayo hapa kwetu hakuna aliyekuwa ameiona: kutarizi kwa cherehani. Alirudi Garissa mwaka 1937 akiwa na fremu ya duara ya mbao mkononi, na hana cherehani.

Cherehani aliipata kwa ndoa. Mwaka 1941 alichumbiwa na marehemu Alio Dakane, dereva wa lori la njia ya Wajir. Wazee walipouliza mahari, Maka aliwatumia ujumbe kupitia kwa mama yake kwamba anataka cherehani ya miguu, si ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu mwenye kutarizi anahitaji mikono yote miwili kwenye nguo. Mzee Keinan alifoka. "Ngamia atazaa. Chuma kitazaa nini?" Maka akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Baba, chuma hakinusi mtu kichwa." Watu walicheka, na Mzee Keinan akacheka pia, na ndoa ikafungwa mwezi Septemba mwaka huo. Alio aliinunua cherehani kwa fundi wa Kihindi huko Thika aliyekuwa anafunga duka, akaivusha mto kwa pantoni, imefungwa ndani ya godoro la harusi. Walijaliwa binti mmoja, Jawahir, mwaka 1943. Alio alifariki kwa homa akiwa safarini mwaka 1949 na amezikwa Wajir. Mungu awakutanishe.

Baada ya eda, Bi Maka alijenga banda nyuma ya nyumba, fito za mikoma na mikeka juu, akaiweka cherehani katikati na kuanza kufundisha. Wengi mnalijua banda hilo. Aling'oa kile kiguu kinachokandamiza nguo, akafunika meno ya chini kwa kipande cha bati alichokikata kwenye debe, ili nguo isisukumwe na kitu chochote isipokuwa mkono wa mshonaji. Nguo ilinyooshwa kwenye fremu mpaka ikalia kama ngoma ukiigonga kwa kidole. Kila mgeni alikosea mahali pamoja: aliikodolea macho sindano akitaka kuiongoza. Bi Maka alikuwa akisema, "Mwache huyo, anaruka hapo hapo alipo. Wewe tembeza nguo."

Lakini hakuna aliyegusa cherehani kabla ya kupita mchangani. Alifagia mchanga wa uwanja ukawa laini, akamwambia mwanafunzi achore kwa kidole chochote anachokipenda, bila kuinua kidole tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa uzi wa cherehani nao hauinuki. Kidole kikiinuka, alifuta kwa kisigino na kusema, "Tena, mama." Wanawake watu wazima waliofika na watoto mgongoni walichora mchangani wiki nzima. Wapita njia walisema Maka ana chuo cha kuku.

Mwaka 1951 banda hilo lilikaribia kufungwa, na kisa chenyewe lazima kielezwe, kwa sababu ndicho kilichomfanya awe mwalimu wa mji mzima.

Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Shamis, aliyekuwa anaolewa mwezi huo na mwana wa Mzee Gelle, na Tiya binti Dadacha, msichana wa wafugaji wa upande wa Wajir aliyekuja kukaa na dada yake hapa mjini. Tiya alipokuwa na hamu ya kwao alichora mchangani duara lenye mikia miwili. Bi Maka aliutazama mchoro ule akaupenda. Akamwambia Tiya autarizi kwa uzi mwekundu katikati ya shuka ya arusi ya Shamis, kama zawadi kwa mwenzake. Tiya alitarizi kwa furaha. Hakudhani kwamba mwalimu wake hajui ule ni mchoro wa nini.

Siku ya wanawake wa upande wa bwana arusi kuja kuangalia vyombo vya bibi arusi, shuka ilitandazwa. Wale wanawake waliitazama, wakatazamana, wakaondoka bila kunywa chai. Kabla ya adhuhuri Mzee Gelle alikuwa nje ya ua na wazee wenzake, ameshika bakora. Hakuingia, kwa heshima, lakini sauti yake iliingia yote.

"Maka binti Keinan! Msichana huyu mnampeleka kwangu au kwa Dadacha?"

"Kwako, adeer," alijibu Bi Maka, akimwita baba mdogo kama tunavyomwita mzee yeyote. "Kuna nini?"

"Kwa nini basi mmempiga alama ya ngamia wa Dadacha?"

"Ile ni ua, adeer. Ua jekundu."

"Ua!" Mzee Gelle aliwageukia wenzake. "Mnasikia? Ua hilo lilikunywa maji ya kisima changu kiangazi kizima, na lilipoulizwa likaniuma mkono!"

Hapo ndipo Bi Maka alipofahamu. Watu wa Mzee Gelle na watu wa Dadacha walikuwa wamegombana mwaka uliotangulia kuhusu zamu ya kisimani. Kuweka alama ya Dadacha juu ya kitanda cha mke wa mwana wa Gelle kulikuwa ni kusema mke huyo ni mali ya mwingine. Mzee Gelle alitaka shuka ichomwe, arusi ingoje, na banda lifungwe siku hiyo hiyo, wasichana warudi kwa mama zao. Shamis alikuwa ndani analia. Tiya alikuwa amejificha nyuma ya madebe ya maji akidhani watakuja kumpiga.

Bi Maka alijifunika ushungi wake vizuri akatoka hadi mlangoni. Hakuomba radhi kwanza, hilo lilikuja baadaye. Aliuliza, "Adeer, ukipewa ngamia wa mahari na watu wengine, ana alama yao. Unaifuta?"

"Alama ya moto inafutwaje, wewe mtoto wa mjini?"

"Unafanyaje?"

"Naweka yangu pembeni. Mtu akimwona anajua alitoka kwa fulani, akapewa fulani kwa heri."

"Akiwa na moja tu ya wale wengine?"

"Basi kuna maneno."

"Shuka hii ina moja tu, ndiyo maana kuna maneno," alisema Bi Maka. "Imetariziwa na mkono wa binti Dadacha, akampa mke wa mwanao, kwa heri. Mimi ndiye sikujua. Nisamehe, kisha nichoree ya kwako."

 Mzee mmoja alianza kukohoa ili asicheke. Mzee Gelle aliutazama mchanga uliofagiliwa mbele ya mlango, mwishowe akashusha bakora na kuanza kuchora. Alichora mstari, akainua bakora, akaweka mwingine.

"Hapana, adeer," alisema Bi Maka. "Hapa hatuinui. Tena."

Akafuta kwa kisigino. Mbele ya wazee wote, Mzee Gelle alirudia alama ya baba zake mpaka bakora ikapita bila kuinuka. Mwenyewe yuko hapa leo na ameruhusu kisa hiki kisomwe, ila anataka ijulikane kwamba mchanga ulikuwa na unyevu.

Tiya aliitwa atoke nyuma ya madebe. Alitarizi alama ya pili pembeni ya ya kwanza mchana huo, Bi Maka amesimama nyuma yake, na arusi ilifanyika siku iliyopangwa. Dadacha alipopata habari huko Wajir alimtumia Shamis samli, na kiangazi kilichofuata zamu ya kisimani ilizungumzwa bila mtu kushika fimbo. Tangu mwaka huo bibi arusi wengi wa Garissa wameingia nyumbani kwao na shuka yenye alama mbili. Wanawake walikuja kujifunza kutoka Balambala, na mmoja alitoka mbali kabisa, Kutulo. Bi Maka naye alijifunza alama zote, akawa anaweza kumsoma ngamia kutoka mbali. Kumkaribia, hapana.

Mwanzoni mwa mwaka 1957 alianza kuugua moyo. Miguu ilivimba asiweze kukanyaga. Shamis alikaa chini akisukuma kikanyagio kwa mikono, na Bi Maka akiwa juu ya kiti aliongoza nguo. "Polepole, Shamis, hufukuzi fisi," alikuwa akimwambia, na darasa lilicheka naye. Hofu yake haikuwa kifo. Alisali, akafunga siku alizoweza, akamtegemea Mola wake. Hofu yake ilikuwa banda. Jawahir ameurithi mkono wa mama yake, pengine umempita, lakini ni mtu wa kunyamaza. Hakuwa amewahi kumsahihisha mwanafunzi hata mmoja. Akiona kosa, alikuwa akilifumua mwenyewe kimyakimya na kulitengeneza. Bi Maka alimwambia dada yake Sadiyo, ambaye ni mama yangu, "Mkono ninauacha. Mdomo sijui nimwachie nani."

Mwezi Oktoba hali ilizidi. Daktari alifanya aliloweza. Usiku wa mwisho aliomba asomewe Yasin, akaomba fremu yake iwekwe karibu. Roho yake ilitoka kabla ya alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano.

Ameacha mama yake, Bi Hawo. Dada yake, Sadiyo. Binti yake, Jawahir. Wapwa zake, mimi Ahmednoor Sanweyne na wadogo zangu. Na wanafunzi ambao kila mmoja anadai yeye ndiye aliyependwa zaidi.

Aliagwa siku hiyo hiyo. Mama yangu, Jawahir na Shamis walimwosha. Nguo mpya ya marekani ililetwa kwa ajili ya sanda, na Jawahir aliipasua kwa mikono kufuata uzi. Mwanafunzi mmoja mpya, kwa mapenzi, alitoa sindano ili akunje ukingo uliokuwa unafumuka. Mama yangu anasema chumba kizima kilimtazama Jawahir, na Jawahir alikuwa tayari amenyoosha mkono kuichukua sindano ile kimyakimya, kama kawaida yake. Kisha akaurudisha mkono.

"Hii haishonwi, abaayo," alimwambia, maana yake dada. "Njoo nikuonyeshe. Shika hapa. Unalaza hii kwanza, kisha hii. Unafunga tu. Hapana, umeinua. Tena."

Wanawake walilia hapo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo haikuwa kwa huzuni peke yake.

Jeneza lilifunikwa kwa shuka ya Shamis yenye alama mbili. Mzee Gelle alibeba upande wa kichwa mpaka makaburini na hakukubali kupokewa. Tulimsalia baada ya adhuhuri, mvua ikiwa imekatika. Shuka ilitolewa, ikakunjwa, ikarudishwa kwa mwenyewe. Aliteremshwa katika nguo nyeupe isiyo na mshono, akalazwa kwa ubavu wa kulia, akaelekezwa kibla. Tulimwaga udongo kwa mikono, kisha kwa majembe, tukamwombea dua, tukarudi nyumbani.

Mola ampanulie kaburi lake na alitie nuru. Amin.